Simu Yangu Ikipona Itanisomea Ukweli

Mpendwa mshauri, kuna jambo ninalolificha katika nyumba ninayougulia, na naomba unisaidie kulitua kabla sijaenda nalo: najua kwamba mkamwana wangu, anayenisomea ujumbe wa simu kutoka kwa mumewe, yaani mwanangu, hunisomea maneno ambayo mwanangu hakuyaandika.

Mimi ni mtabiri wa hali ya hewa mstaafu, nimesoma mpaka vitabu vikanichoka, sasa moyo nao umechoka na daktari ameacha kunipangia tarehe za kurudi, kaniambia nikae na watu wangu, na watu wangu ni huyu mkamwana, kwa kuwa mwanangu yuko kazini ng'ambo, na binti yangu ni nesi wa zamu, akija huondoka chai ikiwa bado ya moto. Simu yangu niliidondosha bafuni ikazima kioo, inaita lakini haionyeshi kitu, na waranti ilikuwa imekwisha, basi mkamwana akachomoa laini akaitia kwenye simu yake, na kwa kuwa nina mtoto wa jicho akawa ananisomea jioni huku anakunja nguo, na hapo ndipo mwanangu alipogeuka mtu mwingine! "Baba, nimekuota umevaa lile koti lako la kazini, mbona hukunisemesha?" "Baba, usilale bila kula, utanifanya na mimi nisile huku." Nikawa nalia kwa furaha, nasema kumbe ugeni unafunza, nami nikimtajia majibu marefu, naye anayaandika neno kwa neno bila kuchoka.

Mpaka siku moja sufuria ikafurika jikoni, akaitupa simu kitandani akakimbia, nami nikaisogeza karibu na pua, na ule ujumbe aliokuwa akinisomea muda huohuo, mrefu, wa kuniuliza kama kifua kimelegea na kama yule paka wa jirani bado anakuja kulala miguuni pangu, ulikuwa neno moja: "Sawa." Macho yangu ni mabovu, mshauri, lakini si mabovu ya kushindwa na neno moja. Nikairudisha simu palepale, na aliporudi akifuta mikono nikamwambia, "Enhe, alikuwa anasemaje?" Akaendelea, na kwa kweli aliendelea vizuri kuliko alivyoanza.

Sikumkasirikia hata chembe, maana mtu niliyeishi kwa kutangaza jua watu wakalowa, nitamwita nani mwongo? Maneno yale yamenipa usingizi ambao vidonge vimeshindwa kunipa. Lakini sasa binti yangu amekuja na habari njema: "Baba, simu tunaitengeneza mwisho wa mwezi, na nitakuwekea kitu cha kusoma kwa sauti. Ujumbe ukiingia tu, simu inausoma yenyewe. Mwache wifi yangu apumzike." Mkamwana akajibu, "Ni jambo zuri, wifi," huku akilikunja upya shati alilokwisha kulikunja. Sasa wanabishana: kituo cha kampuni, ambako kioo halisi kinaagizwa na kinakaribia bei ya simu mpya, au fundi wa mtaani anayemaliza ukiwa umekaa, au itupwe inunuliwe iliyotumika. Mimi naomba isipone kabisa. Nikikataa nitaulizwa sababu, nikikubali mashine itatamka "Sawa" mbele yake, naye atafedheheka katika nyumba aliyoniuguzia, nami nitakufa sijamshukuru, maana nitamshukuruje kwa jambo ninalojifanya silijui? Barua hii nimeiandika mwenyewe kwa siri, kwa herufi kubwa, pua ikigusa karatasi. Nijibu gazetini, tafadhali, kwani yeye hunisomea ukurasa wako kila unapotoka.

Mtabiri

*

Mzee wangu, shikamoo. Pole kwa maradhi, na hongera kwa kupata mtu.

Sasa niruhusu nikuseme. Ulichougua ni moyo, si ulimi. Unajua fika nani atakayeisoma barua hii kwa sauti, na bado umeniletea! Mimi si mshenga wako.

Tuanze na simu, maana hiyo ni rahisi. Kama inaita, basi ndani iko hai, kilichokufa ni kioo. Usiitupe. Ukinunua iliyotumika unanunua ugonjwa wa mtu mwingine. Kituo cha kampuni kinafaa kwa simu changa. Wakupe bei kwanza, kuuliza si kununua, lakini kwa simu yenye umri kama yako sioni sababu ya kuagiza kioo cha gharama hiyo. Nendeni kwa fundi wa mtaani, yule ambaye majirani wanamrudia, si yule anayeita wapita njia. Binti yako akae palepale. Aulize kama kioo ni halisi au ni nakala, akiguse pembe zote kabla ya kulipa, aombe dhamana ya kazi, na namba ya siri asiiache mezani kwa mtu.

Itengenezwe, itiwe laini mpya, upigiwe, usikilize redio. Ila laini ya zamani, ile ya ujumbe, ibaki kwa mkamwana wako, na hicho kitu cha kusoma kwa sauti kisiwekwe. Binti akiuliza sababu, mwambie mgonjwa ana haki ya kumchagua msomaji wake. Na mwanao mpigie, aongee. Wako watu ambao mkono wao ni bahili kuliko moyo wao.

Lakini usisubiri fundi afungue skrubu ya kwanza. Mshukuru leo. Usianze na "najua unanidanganya". Anza na usingizi uliokupa. Shukrani ya kaburini haimnyweshi mtu maji.

Na wewe mama unayesoma kwa sauti sasa hivi, pumua. Hakuna aliyekukasirikia.

*

Mshauri, ahsante. Nakuandikia tena kwa kuwa wasomaji wako watataka kujua.

Alianza kuisoma kwa sauti yake ya kawaida. Alipofika kwenye sufuria akafunua ukurasa, akasema, "Hapa, Baba, inafuata habari ya mpira."

"Nani kacheza?"

"Sijui, Baba. Wengi."

"Rudi nyuma, mama. Soma kama ilivyoandikwa."

"Macho yameingia vumbi."

"Basi soma na vumbi lake."

Akasoma yote, mpaka pale ulipomwambia apumue, na akapumua kweli, nikamsikia. Nikamshukuru kwa usingizi, kama ulivyonifunza. Akajifuta uso kwa shati nililokuwa nivae kesho, kisha akaniuliza, "Baba, yale majibu nilimtumia yote, neno kwa neno, na yeye alikuwa anashangaa tu. Kama ulikuwa unajua, kwa nini uliendelea kunitajia? 'Mwanangu, umenipa uzee nisioustahili.' 'Mwanangu, nikifumba macho nakuona wewe.' Ulikuwa unamwambia nani?"

Nikamwambia kwamba tangu siku ile ya sufuria nilikuwa nikimwandikia yeye.