Simu ya Mume Wangu Inasema Nina Mimba

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla Jumamosi haijafika, maana siku hiyo anakuja kaka mkubwa wa mume wangu na mimi nitawekwa kitako nijibu habari ya mimba ambayo sina.

Mimi ni fundi cherehani, chumba changu cha kushonea kiko mbele ya nyumba, na mume wangu ni mtunza stoo kwenye kiwanda cha rangi, mtu aliyezoea kuuliza kilichotoka kimetoka na nani. Tuna watoto wanne, na baada ya huyo wa nne yeye mwenyewe alikwenda hospitali akafunga uzazi, kwa hiyo unaelewa moto umewakia wapi.

Mwezi uliopita alikuja wifi yangu, mdogo wa mwisho wa mume wangu, anamalizia chuo cha uuguzi na kaka yake huyu ndiye anayemsomesha, akafunga mlango, akaniambia ana mimba, hajamwambia mtu, anataka gauni la mahafali litakaloficha tumbo mpaka apate nguvu ya kumwambia mama yake. Akasema, "Wifi, hili libaki humu humu." Nikamwapia.

Sasa mshauri, gauni la miezi miwili mbele huwezi kulishona kwa kiuno cha leo, lazima ujue tumbo litakuwa limefika wapi ili uache nafasi kwenye mshono, basi nikafungua kompyuta yangu ya kutafutia mitindo, nikaingia kwenye ukurasa wa kuhesabu wiki za mimba, kila nikigusa kinatokea kisanduku kinaziba kila kitu kinaniuliza kama nakubali, nami nakubali tu ili kitoke, ukurasa ukataka tarehe nikaweka ya wifi, ukataka jina na barua pepe nikaweka vyangu, maana ningeweka vya nani?

Siku ya tatu mume wangu yuko mezani anakula, simu yake ikalia, akaisoma, akanigeuzia. Imeandikwa hongera, na jina langu kamili, mtoto wako sasa ana ukubwa wa limau. Tangu hapo simu hiyo haitulii, mara vitanda vya watoto, mara magauni ya wajawazito, mara mafuta ya kupaka tumbo. Mimi nilitumia kompyuta yangu, yeye ana simu yake, imefikaje huko? Nimewaza wifi kaniuza, nimewaza kuna mtu anatusikiliza, nimebandika kipande cha kitambaa kwenye kamera ya kompyuta, na siku hizi wateja nawapima wakiwa wametazama ukuta. Simu yenyewe ilipokuwa mpya fundi wa simu alidai barua pepe, mume wangu hakuwa nayo, tukampa yangu, mambo yakaisha, kwa hiyo si hapo.

Nilipima mbele yake, sina kitu. Akasema basi nimeitoa. Nikalia, nikamuuliza ananiamini mimi au hilo lisimu. Akanijibu taratibu, "Wewe una sababu ya kunidanganya. Simu haina."

Nikamwambia nilikuwa nahesabu wiki za mteja. Sasa anataka daftari langu la vipimo, aone kama kweli yuko mteja mjamzito, na humo wifi yangu amepimwa kiuno mara tatu, ishirini na nane, ishirini na tisa, thelathini na nusu, hata asiyejua kushika sindano ataelewa. Kwa hofu nikafanya jambo ninaloona haya kuliandika. Nilimtaja mteja mwingine, yule mjane muuza mayai wa mtaa wa pili, ambaye kwangu alileta sketi moja tu kupunguzwa. Sasa mume wangu akienda kununua mayai anamtazama tumbo, na juzi nimewasikia wanawake wawili bombani wakimjadili.

Nakuandikia kwa kompyuta yangu ya kazini ili mume wangu asione. Je, nichane ukurasa wa wifi kwenye daftari, nimfungulie daftari lenyewe, au ninyamaze niachike?

Fundi asiye na mimba

*

Mdogo wangu,

Nilipoona anwani iliyoleta barua yako nilishika kichwa, kisha nikashika simu. Unasema "si hapo". Ni hapo hapo. Simu ya mumeo na kompyuta yako zinaingia kwa anwani moja, yako, na kwa wafanyabiashara wa mtandaoni ninyi wawili ni mtu mmoja. Kila ulipokubali ili kisanduku kitoke, uliruhusu vijifaili viitwavyo vidakuzi vikufuate na kuwahadithia wengine unachotafuta. Wifi yako hajakuuza, na hapakuhitajika mtu wa kusikiliza, kwa kuwa kila kitu umekiandika mwenyewe.

Na barua hii uliyoniandikia kwa siri ilikuwa kwenye simu ya mumeo tangu ulipoituma. Ndiyo maana nilikupigia siku ile ile kwa namba uliyoiacha chini ya barua, nikakuambia neno moja, kimbia kwa wifi yako kabla kaka yake hajaisoma. Ulikimbia, naye akamwendea mumeo akamwambia mwenyewe. Walichoongea ndugu wawili hao si habari ya gazeti. Wifi yako ameniruhusu kuchapa haya, na nimebadili mambo machache ambayo sitayataja.

Shemeji, najua na wewe unasoma. Umekaa na barua zenye jina la mkeo kwenye simu yako na hukujiuliza hata mara moja kwa nini zinakuja kwako. Ungetunza stoo hivyo ungekuwa umeshafukuzwa. Muombe radhi, na si kwa kununua kitu.

Turudi kwako, fundi. Nakuonea huruma, lakini hujasalimika. Wateja wanakuvulia nguo kwa kukuamini, nawe ukaichukua tarehe ya mmoja wao ukaipeleka kwa watu usiowajua. Daftari halifunguliwi kwa mume wala kwa kaka mkubwa, na halichanwi. Kuanzia leo waandike wateja kwa namba, majina yakae kichwani. Mumeo afunguliwe anwani yake, na yako ing'olewe kwenye simu yake. Waandikie wenye ule ukurasa wafute ulichojaza. Kisanduku kikitokea tena, usiguse kitufe kinachong'aa, shuka chini, pa kukataa pameandikwa kwa maandishi madogo.

Kisha muuza mayai. Hapa sikubembelezi. Mengine uliyafanya kwa kutojua, hili ulilijua. Ulisingiziwa mimba, ukaona inavyouma, ukaichukua ukambebesha mwenzako. Nenda kwake pamoja na mumeo, umwambie kwa kinywa chako kwamba ulimzulia, halafu pita bombani ukaseme hayo hayo mbele ya wale wanawake. Yeye hana wa kumtetea nyumbani, na bado hajaniandikia. Nenda kabla hajaniandikia.