Tangazo la Mzee Kefa

Lyamkena, Makambako
22 Juni 2025

Kwa mpwa wangu Hulda,

Kamwene, mwana wa dada. Baridi ya huko Njombe inakusalimia au inakupiga? Huku kwetu leo asubuhi maji ya ndoo yaliganda nikayapasua kwa shoka, na shoka lenyewe likapata pengo. Miguu ya mama yako Dorosela inaendeleaje? Mwambie kaka yake ni mzima, kifua tu kinakoroma, na dawa yake ni kukusikia wewe redioni. Ukianza kusoma habari saa moja jioni, majirani wanajaa kwangu mpaka wengine wanakalia magunia ya viazi. Nawaambia, "Huyo nilimfundisha mimi kusema." Na nilikufundisha, wewe umesahau tu.

Sasa jambo lenyewe. Chama kiko kwenye kura za maoni. Tarehe nne Agosti wajumbe wa kata watachagua nani asimame udiwani. Watia nia ni watatu: Joackim yule wa mbao, Mwalimu Oktavia mstaafu, na kijana Lenard wa duka la pembejeo, ambaye hata mbwa wake hamjui vizuri. Basi Joackim kanichukua mimi niwe mtu wake wa maneno. Mimi! Darasa la saba nililitazama dirishani, lakini siku ile mnadani nilipopanda juu ya kreti nikamsemea, ng'ombe waliacha kucheua wakanisikiliza. Wenye wivu wananiita chawa wa Joackim, eti naishi kwa kumsifu. Chawa gani anakaa siti ya mbele?

Naomba kitu kidogo kama punje ya ulezi. Ukisoma habari, mtaje Joackim hata mara moja kwa wiki. Usimsifu. Jina tu. Nimeshawaambia watu kwamba redio ni ya kwetu.

Barua nampa Brayson, kondakta wa Kosta. Simu siku hizi siiamini. Unatuma ujumbe asubuhi, jioni uko kwenye makundi yote ya WhatsApp umezungushiwa duara jekundu.

Mjomba wako,
Nathanieli


Njombe
27 Juni 2025

Shikamoo mjomba,

Sisi hatujambo, ila mama miguu imevimba tena, na dawa za presha anameza zile za mwisho mwisho. Anasema ufunge kifua kwa sweta, siyo kwa pombe ya ulanzi. Samahani kwa karatasi yenye nembo ya ofisi, ndiyo niliyokuwa nayo.

Mjomba, ulichoomba hakiwezekani. Meneja wetu, Mama Paskalina, ametukusanya akasema msimu huu mtia nia hatajwi ila kwenye taarifa moja ambayo wote wanapewa dakika sawa, kwa saa ya mkononi. Mwenzetu mmoja alipokea chakula kwa mtia nia wa huku mjini, kesho yake hakuwepo. Mkataba wangu ni wa muda. Tarehe kumi na tano Agosti ndiyo wanaamua kama ninaajiriwa au ninafungasha. Kodi ya chumba, dawa za mama, vyote viko juu ya hiyo tarehe. Nisaidie kwa kutonisaidia.

Na tafadhali usiwaambie watu kwamba redio ni ya kwetu. Mimi nasoma habari na matangazo ya vifo, basi.

Mpwa wako akupendaye,
Hulda


Lyamkena
20 Julai 2025

Mpwa wangu Hulda,

Salamu nyingi kama ukungu wa milima ya Kipengere. Barua yako nimeielewa, sina kinyongo. Mtu mkubwa anaelewa hata anachokataliwa.

Ila nikueleze hali. Walikuja waandishi wawili na kamera, wale wa mtandaoni. Wakawarekodi watia nia wote watatu, halafu Joackim akawachinjia kuku. Video ilipotoka, Joackim anaongea dakika kumi na moja, Lenard anakohoa, Mwalimu Oktavia anaonekana kisogo. Tukashangilia sana. Kumbe bure! Wajumbe wa hapa wanaitazama video, wanacheka, wanasema, "Mtandao huo, hata ng'ombe anaweza kuota mbawa." Wanachoamini ni redio. Mzee mmoja kaniambia usoni, "Redio ndiyo inayotutangazia misiba, Nathanieli. Haijawahi kutuita kwenye kaburi tupu."

Na Oktavia anatushinda. Haahidi kitu yule mama. Anaimba. Ana kwaya yote ya usharika nyuma yake, akiingia kwenye nyumba ya mjumbe wanaanza sauti ya pili na ya tatu hapo hapo mlangoni, nani atamfukuza mtu anayeimba?

Juzi Joackim kaniuliza mbele ya wapambe wote: "Nathanieli, ile redio yako imeishiwa betri?" Wakacheka mpaka mmoja akadondosha kofia. Nikatoa barua yako mfukoni nikawaonyesha nembo kwa mbali. Sikuwasomea. Wakapoa. Nikawaambia mwisho wa yote mtaona. Nikishasema hivyo, siwezi kurudi nyuma, unanijua.

Mama yako nimemtumia parachichi mbili na Brayson. Zilikuwa kubwa hata kondakta alitaka kuzikatia tiketi.

Mjomba wako,
Nathanieli


Lyamkena
3 Agosti 2025, Jumapili

Hulda mwanangu,

Leo sina salamu ndefu. Mzee Kefa ametutoka. Mwinjilisti wetu, aliyekufundisha kipaimara. Amefia kwa binti yake Pendo kule Ipelele, na mtandao wa simu wa kule unaujua ulivyo, ndiyo maana nimetumwa mimi nikufikishie. Wanazika kesho Jumatatu saa nane mchana. Lisome leo jioni na kesho alfajiri, ili watu wa huku alikowatumikia miaka ishirini na sita wawahi gari. Tangazo nimeliandika kwenye karatasi ya pili.

Jikaze.

Mjomba wako,
Nathanieli


Njombe
7 Agosti 2025

Mjomba,

Shikamoo. Mama anaumwa. Mimi sijui niseme niko vipi.

Nilimpigia Pendo mara mbili, hakupatikana. Utaratibu unataka tangazo la kifo lithibitishwe na ofisi ya kijiji au ndugu anayefahamika. Nikasema ndugu anayefahamika ni mjomba wangu, na mjomba hawezi kuzika mtu aliye hai. Nikasoma. Nililia hewani, sauti ikakatika, fundi mitambo akaweka wimbo.

Unajua kilichofuata, lakini nataka ukisome kwa mwandiko wangu. Jumatatu alfajiri zilitoka Kosta tatu Makambako na lori moja la mbao. Ulidhani watakwenda watu wa Oktavia peke yao, eti kwa sababu ni wa kwaya? Mzee Kefa alimbatiza nani hapo Lyamkena ambaye si wake? Walikwenda wajumbe wa Oktavia, walikwenda na wa Joackim. Mke wa Joackim ndiye aliyebeba unga. Lori lilikuwa la Joackim mwenyewe, alilitoa kwa huruma, maana hata yeye hukumwambia! Wakafika Ipelele saa saba, wameshika matawi ya msiba, wanaimba. Mzee Kefa alikuwa uani anaota jua, anamenya njegere. Akawauliza, "Poleni wanangu. Nani amekufa?"

Waliporudi, kura zilikuwa zimeshahesabiwa. Lenard wa pembejeo ameshinda kwa kura za wasiokwenda mazishi. Na picha ya Mzee Kefa na bakuli lake iko kila simu: REDIO YAMZIKA MZEE AKIWA HAI, MTANGAZAJI NI MPWA WA MPAMBE.

Nimesimamishwa. Mama Paskalina amenipa mpaka Ijumaa tarehe kumi na tano, saa nne asubuhi. Barua yako ya msiba ninayo, lakini zile nyingine zimejaa Joackim. Nikiziweka mezani watasema tulipanga wote. Barua inayonisafisha ni moja, ile niliyokukatalia, na iko kwako. Njoo nayo. Keti mbele yake useme, "Nilimdanganya, hakujua." Maneno mawili, mjomba. Wewe uliyehutubia ng'ombe.

Sikuombi kitu kingine mpaka nife.

Mpwa wako,
Hulda


Lyamkena
16 Agosti 2025

Mpwa wangu mpendwa Hulda,

Kamwene. Nakusalimu nikiwa nimechoka kwa safari. Jana nilipanda gari la kwanza, nikiwa na koti la harusi. Pale njiani matairi mawili yakapasuka kwa mpigo, mimi ndiye niliyelinyanyua gari kwa bega wakabadilisha. Nikafika getini kwenu saa nne na robo. Mlinzi akaniambia, "Mzee, kikao kimeisha." Nikamwambia, "Unajua unaongea na nani?" Nikagonga geti mpaka

Hulda, huo ni uongo. Nimeandika nusu ukurasa nikaona mkono unakwenda wenyewe. Sitaanza karatasi nyingine, nikianza nyingine nitaandika uongo mzuri zaidi.

Sikutoka Lyamkena. Koti nililivaa kweli. Nikafika stendi, Brayson akaniambia, "Panda mjomba, leo hulipi." Watu walikuwa kwenye foleni ya gari, akina mama wa kwaya. Hakuna aliyenitukana. Mmoja akasogea kunipisha, kama unavyompisha mtu mwenye ukoma. Miguu ikanirudisha nyumbani. Joackim hanipokelei simu. Chama wameniita kwenye kamati ya maadili, nikikiri kwako nimekiri na kwao, watanivua uanachama. Nilifikiria hilo, sikatai. Nilikaa ndani nikiwa na koti, saa nne ikafika, ikapita. Saa saba nikafungua redio. Matangazo ya vifo alisoma mtu mwingine.

Nilidhani nitakuwa nimekosea siku moja tu. Mzee anatangazwa jioni, kesho wanamkuta mzima, wanashukuru Mungu, wanacheka. Nani huwa anakasirika kwa kumkuta mtu hai? Ndivyo nilivyojipigia hesabu.

Ndani ya bahasha hii kuna barua yako ya Juni, na karatasi niliyoandika kwamba hukujua lolote. Nimesaini, nimeweka na dole gumba. Mpelekee Mama Paskalina. Kuchelewa siku moja si kitu. Niambie kwamba si kitu. Na niambie kama utanisamehe.

Mjomba wako,
Nathanieli


Manda, Ludewa
31 Agosti 2025

Kwa Ndugu Nathanieli Mgaya,

Bahasha yako ilifika Jumatatu. Nilimpelekea Mama Paskalina, akasoma zote mbili, akavua miwani. Akasema, "Nakuamini." Halafu akasema barua ya kuniachisha kazi ilitoka Ijumaa jioni, na nafasi imeshapata mtu. Akanisindikiza mpaka getini. Hilo nalo alikuwa hajawahi kumfanyia mtu.

Nilizunguka kwenye redio nyingine hapo mjini. Nikitaja jina, wanatazamana.

Kabla ya kuhama nilikwenda Ipelele kumwomba radhi Mzee Kefa. Nilipiga magoti. Akasema yeye hakulisikia hilo tangazo, redio yao haishiki vizuri, na kila anayekuja anamsimulia nusu tu. Akaniomba nimsomee kama nilivyosoma siku ile. Nilikuwa nalikumbuka lote. Nikasimama uani, nikasoma jina lake, umri wake, mahali alikofia, watoto wake, saa ya kuzikwa. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Nilipomaliza akasema, "Umemsahau Jasmine wangu. Yule alitangulia mwaka wa tisini na nane, lakini ni mke wangu, huwa wanatajwa." Nikaanza upya, nikamweka Jasmine. Akaniambia nimesoma vizuri. Pendo aliingia ndani, hakutoka kuniaga.

Sasa tuko kwa ndugu za marehemu baba, huku ziwani. Wametupa chumba cha kuhifadhia nyavu. Mimi naanika dagaa. Kituo cha afya dawa ya mama hakina, wanasema labda mwezi ujao. Asubuhi hawezi kusimama mpaka nimshike. Anakuulizia kila siku kwa nini huandiki. Sijamwambia. Nimemwambia una shughuli nyingi za chama.

Umeuliza mambo mawili. La kwanza, siku moja ni kitu. La pili sina jibu, na usiendelee kulingoja. Brayson hafiki huku.

Hulda Haule