Nassor Bado Anakwambia Amefika

Baba,

Shikamoo. Marahaba nimejiitikia mwenyewe, kwa sauti ndogo, maana Nassor kalala chumba cha pili na sitaki aamke. Nimekaa jikoni nautazama mlango wake kama mtu ambaye ikama yake, kibali cha kuishi huku, imekwisha na anasikia viatu vya askari ngazini. Chai imepoa mbele yangu. Swala ya Adhuhuri imeshapita, na kwa kawaida huwa halali muda mrefu.

Leo asubuhi nimemwambia kuwa umekufa. Daktari Hind, yule anayemfanyisha mazoezi ya akili na ya mwili, alikuwepo, amekaa karibu yake. Nassor amelia, ameswali, amekula vijiko vichache vya wali, kisha kalala. Akiamka, ama atakuwa analijua jambo hili, ama ataniuliza kama alivyoniuliza miezi yote hii, "Baba yuko wapi?" Na mie, mwanao, sijui lipi katika hayo mawili naliogopa zaidi.

Wacha nikueleze, kwa sababu uliondoka hujui mambo yaliishia wapi.

Ile Ijumaa Nassor alikuwa anatoka na lori kwenye maghala ya Sulay, kule Riyadh, anakuja kwetu Jeddah na mzigo wa vigae. Wewe ukamtumia sauti kwa simu, kama ulivyomtumia kila safari. Nilikuwa hapa hapa jikoni, mfuniko wa sufuria ukaniponyoka, ukapiga kelele sakafuni, nawe ukacheka ukiwa bado unarekodi. "Nassor, Baba hapa. Usile huku unaendesha. Umemsikia huyo? Zuhura anatuvunjia nyumba. Haya mwanangu, ukifika nambie."

Hakufika. Hata mji wa Riyadh hakuumaliza, lori lake likagongana na jengine. Mifupa haikuumia sana. Kilichoumia ni ubongo, ulitikisika ukavuja damu ndani ya fuvu, wakampasua kichwa ili kuitoa. Wewe ukabaki na simu mkononi. Nilikuwa nikikwambia uiweke uswali kwa utulivu, unaniambia hapana, huenda akapiga. Moyo wako ulisimama kabla yeye hajafumbua macho. Wanaume wa mtaani kwetu hapa Bani Malik wakakubeba haraka, kama ilivyo ada ya mji huu, sisi wanawake tukabaki juu ya ngazi. Mwanao wa kiume, wa pekee, hakukutia kaburini, na wala hakujua kama kuna kaburi.

Nilimfuata Riyadh nikiwa bado na msiba. Alipozinduka, watu wakaniambia nimshukuru Mungu, nikashukuru. Hakuna aliyeniambia kwamba anayezinduka si lazima awe yule yule aliyelala. Miguu ilirudi kwanza, akawa anatembea kwa kushika ukuta. Kisha yakarudi maneno, Kiarabu kwa wauguzi, Kiswahili kwangu, mara nyengine yakachanganyika akaniomba "moya" akimaanisha maji huku akimwita muuguzi "dada". Kumbukumbu ndiyo iliyobaki nyuma. Ya zamani anayo yote, hata kofia uliyomnunulia akiwa mdogo. Ya leo haikai. Kafili wake, yule tajiri aliyemdhamini kazini, alikuja mara moja na mfuko wa machungwa, akamtazama, akaniambia, "Dereva, halas," yaani udereva ndiyo basi. Alipotoka tu, Nassor akaniuliza nani kaleta machungwa.

Kule kule Riyadh nilimwambia habari yako. Alilia mpaka wauguzi wakaja mbio, akapigwa sindano, akalala. Alipoamka akasema, "Baba kapiga simu?" Nikamwambia tena. Akalia tena, na kilio kilikuwa kile kile cha mwanzo, kibichi, kama hajawahi kulia. Baba, nilishikwa na hofu ambayo sijawahi kuijua. Niliona nitakuwa namfisha baba yake kila siku mpaka na mie nife. Nikaapa simwambii tena.

Ndipo nilipoanza uongo wangu. Alipokutafuta, nilimfungulia sauti yako ile ya Ijumaa. Alikuwa akisikiliza huku anatabasamu, mfuniko unaanguka, unacheka, "ukifika nambie," naye anabonyeza simu yake kwa kidole kinachotetemeka anajibu, "Nimefika, Baba." Simu yako ilikuwa mkobani mwangu. Nimekuwa nikiichaji kila siku. Ikilia tu, naenda chooni naifungua, ili kule kwake zile alama ziwe za bluu ajue umesikia. Kisha hutulia. Baada ya usingizi mmoja amesahau, tunaanza upya.

Mwende, yule Mkenya anayefanya kazi nyumba ya jirani na duka la vitambaa nililokuwa nikiuzia kule Rawdah, alikuja kunitazama Ijumaa moja madam wake alipompa ruhusa. Unamkumbuka, ndiye uliyekuwa ukimtania kwamba Kiswahili chake kina haraka kama kimeachwa na gari. Simu yako ikalia mkobani akiwa amekaa hapo. Akauliza ni ya nani, nikamwambia. Aliweka kikombe chini. "Zuhura, aki mimi naogopa hiyo simu. Si umwambie tu ukweli? Hii kitu itakurudia." Nilimjibu kwa ukali kwamba yeye hajui. Alikuwa anajua, ila mie sikutaka kusikia.

Nyumbani ndiko hofu ilikokolea. Hospitali kuna watu, hapa ni mie na yeye na ngazi zile za giza. Anafungua gesi anasahau kuitia kibiriti. Anakasirika ghafla, yeye Nassor aliyekuwa hapandishi sauti hata kwa mbuzi, akarusha kikombe kikanipita sikioni, baada ya muda mfupi akaniuliza nani kavunja kikombe. Daktari alinionya kuhusu kifafa, basi kila kishindo nadhani kaanguka. Nalala na mlango wazi. Nikienda kuoga namwita jina lake, asipoitika natoka na povu.

Siku moja alinibana sana. Wapi Baba, wapi Baba. Sauti yako siku hiyo haikumtosha, alikutaka wewe. Nikachoka na uongo, na neno lenyewe likanishinda. Nikasema, "Baba katangulia." Akaacha kuuliza. Nikadhani ameelewa, nikaingia ndani kuvaa buibui nikamtafutie mkate. Kutoka, mlango uko wazi, fimbo yake haipo.

Wewe ni Mswahili, unajua nilichokosea. Sisi hatusemi mtu kafa, tunasema katangulia, katutoka, hatunaye. Nassor kichwa chake siku hizi hushika neno kama lilivyo. Nimemwambia katangulia, akakufuata. Kashuka ngazi peke yake, kavuka ile njia ya teksi, wanapiga honi, kaingia msikitini, kakaa safu ya mbele pembeni mwa pahala pako. Hakukaa penyewe, alikuachia wewe. Imamu ndiye aliyemrudisha amemshika mkono. Aliniambia kwamba alipomwona alisema, "Allah yirhamu abuk," Mungu amrehemu baba yako, na Nassor akaitikia, "Amin," kisha akamwuliza kwa adabu kama Baba atachelewa.

Tangu hapo nilikataza neno "marehemu" lisitajwe humu ndani. Shangazi akipiga simu, namwahi kabla hajasalimu. Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Mie niliyeficha kifo, niliogopa kujua kitakachoniumbua.

Kilikuwa ni mfuniko wa sufuria.

Juzi nilimfungulia sauti yako kama kawaida. Mfuniko ukaanguka, ukacheka. Nassor hakutabasamu. Aliinamisha kichwa upande, kama alivyokuwa akisikiliza injini yenye kasoro, akasema, "Zuhura, jana pia mfuniko ulianguka."

Jana. Tangu ajali hajawahi kuishika jana yoyote. Nikamwambia nimekuwa na mikono mibovu. Akasema, "Na Baba jana pia alicheka hivi hivi." Akanitazama muda mrefu, Baba, kwa macho yake ya zamani, na mie nikazima simu nikajidai kwenda kuepua chungu ambacho hakikuwepo jikoni.

Nilimweleza Daktari Hind kwa simu, nikategemea atanigombeza. Alifurahi. Alisema amekuwa akimfunika kijiko, ufunguo na kitana chini ya kitambaa, akimwuliza baadaye kuna nini, na wiki hizi ameanza kuvitaja. Alisema ubongo unajitafutia njia nyengine, pole pole, na hakuna anayeweza kuahidi njia hizo zitafika wapi. Huenda hatoendesha tena. Huenda hasira zikabaki. Lakini kumbukumbu imeanza kushika. Kisha akaniuliza kwa upole kama nafahamu maana yake kuhusu Baba. Nilifahamu. Miezi yote nimemwomba Mungu amponye, na kupona kwake ndiko kutakakokufisha wewe. Asubuhi zote hizi ulikuwa unafufuka kinywani mwake. Na mie, nikiwa mkweli kwako, nilikuwa nikisikia raha kidogo kuulizwa uko wapi, kama kwamba uko pahala.

Daktari aliniambia nisizungushe maneno. Kwa hivyo leo nimekaa mbele ya Nassor, nimemshika mikono yote miwili, nikasema, "Nassor, Baba amekufa. Alikufa ulipokuwa hospitali Riyadh. Amezikwa hapa Jeddah." Ameniuliza mara mbili kama nafanya mzaha. Kisha akalia, akashika kichwa pale penye kovu, nikaogopa kitapasuka. Akasema, "Sikumwambia kuwa nimefika."

Sasa kalala. Nasikia kitanda kinalia. Subiri Baba.

Nimerudi.

Alitoka na fimbo yake, mkono mmoja ukutani. Alikunywa maji glasi nzima amesimama. Nilikuwa nimesimama na mie, nimejibana kwenye meko, nangoja aseme "Baba yuko wapi," na moyoni, Mungu anisamehe, nilikuwa namwomba aseme. Akaweka glasi. "Zuhura." Nikaitika labeka. "Marehemu Baba, nani alimwingiza kaburini?"

Marehemu. Hakuna aliyemfundisha, sikulitaja asubuhi wala siku yoyote. Kalitia mwenyewe mbele ya jina lako, kama watu wazima wanavyolitia, na hapo nikajua hutorudi tena asubuhi. Nilikaa chini sakafuni. Nimekulilia leo, Baba. Siku ya mazishi sikukulilia, nilikuwa na mgonjwa.

Nimemtajia waliokuingiza: imamu, yule Myemeni mwenye duka la mboga chini, na majirani wawili. Akasema, "Ingekuwa mie." Kisha akaomba simu yako. Sikuwa na pa kuificha tena, nikampa. Alizifungua sauti zake mwenyewe moja baada ya moja, zote anasema neno lile lile, "Nimefika, Baba," nyengine ulimi bado mzito, nyengine karibu sawa na zamani. Nilizisikia zote hapo, nikaona namna alivyokuwa akipona na mie nimemficha hata yeye mwenyewe. Nilingoja kikombe kirushwe. Aliniuliza tu, "Ulikuwa wewe unayesikiliza?" Nikasema ndiyo. Hajasema kitu tangu hapo. Amekaa na simu mapajani, na sijui anafikiri nini. Naogopa ukimya wake kuliko kilio, na naogopa kesho asubuhi kuliko vyote viwili.

Nakuahidi haya. Akisahau kesho, nitamwambia tena, kwa neno lile lile la wazi. Sauti yako simfungulii tena kumdanganya, akiitaka ataifungua yeye akijua ni ya marehemu. Na akipata nguvu, imamu atamchukua makaburini, mie nitangoja nje ya geti na maji na fimbo ya akiba. Makaburi ya huku hayana majina, huenda wasijue ulipo hasa. Lakini atasimama humo akwambie mwenyewe kuwa amefika.

Kwaheri, Baba. Siku ile walikushusha ngazi upesi, sikupata nafasi ya kukwambia ulilotuambia sisi kila tulipotoka mlango huu. Nakwambia sasa, ukifika nambie.

Mwanao,
Zuhura