Skrubu za Mizani ya Mjomba

Mwembesongo, Morogoro

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuamkia kwa barua na si kwa simu, na usinune. Wewe ukipokea simu unaweka sauti kubwa, na Baba Mdogo anasogea kama vile anapita tu. Haya ninayoandika sitaki ayasikie. Vipi mgongo? Ile dawa ya kuchua niliyompa kondakta imefika imejaa, au wamepunguza njiani? Nilichora mstari kwenye chupa, uangalie. Mimi ni mzima, kibanda changu cha kutengeneza redio na pasi bado kipo, ila mvua za milimani zimetuletea matope hadi mlangoni.

Mama, najua unajiandaa kuja kunichumbia Sesilia. Shughuli hiyo nimekaribia kuiharibu kwa mikono yangu, na ni afadhali uyasikie kwangu kabla hujapanda basi.

Nilikueleza kwao ni Kinole, huko juu Uluguru, wanakolima pilipili manga na karafuu. Huku baba wa binti anakaa pembeni. Mjomba, yaani kaka wa mama yake, ndiye mwenye neno. Basi huyo Mjomba Gaspari ndiye pia anayetunza mizani ya kikundi cha wakulima. Ni mtu mpole, hana makuu, na unanijua mwanao: mtu mpole kupita kiasi ananitia wasiwasi.

Mwezi uliopita mama yake Sesilia alileta mjini gunia la pilipili manga. Kinole lilipimwa likawa kilo kumi na nane. Nikalipitisha kwa jirani yangu muuza unga, mizani yake ikasoma ishirini. Nikajiuliza kilo mbili zimeyeyukia wapi. Sikumwambia mtu, lakini tangu siku hiyo nikawa namtazama Mjomba kwa jicho la pembeni.

Haikupita wiki, Mjomba mwenyewe akashuka na ile mizani, ya betri. Betri ilikuwa haikai na chaji. Akaiweka mezani, akasema, "Baba, nibadilishie betri tu. Huko chini usiguse."

"Kwa nini, Mjomba?"

"Kupo sawa."

Mama, mtu akiniambia hivyo ndiyo amenikaribisha. Alipoondoka nikaigeuza. Betri ina kimlango chake pembeni, haina shida. Lakini bamba la chini limefungwa kwa skrubu nne za ajabu. Zina tundu la nyota, na katikati ya nyota kumesimama kijipini, ili bisibisi ya kawaida isiingie. Tena zinang'aa wakati mizani yenyewe imechakaa, kwa hiyo hazikutoka nayo kiwandani. Kuna mafundi huku wana mchezo huo: anakutengenezea redio, anaifunga kwa skrubu zake, ikiharibika tena lazima urudi kwake. Lakini Mjomba si fundi. Nikasema, huyu mzee ameficha kitu.

Bisibisi yake sikuwa nayo, na kwenda kuiulizia madukani niliona ni kujitangaza. Nikashusha pazia la kibanda mchana kweupe. Nikayeyusha kitako cha kalamu ya plastiki kwa kiberiti, nikakikandamiza kwenye skrubu kikiwa bado laini, nikasubiri kigande, nikazungusha taratibu. Ya kwanza ikakubali. Ya pili ikaitafuna plastiki yote. Hiyo na ya tatu nikavunja kijipini kwa msumari wa zege, nikigonga kwa upande, kidogo kidogo. Kikishakatika, bisibisi ya nyota inaingia kama kawaida. Ya nne iligoma kabisa, nikaichana mfereji kichwani kwa msumeno wa chuma na kuitoa kwa bisibisi bapa. Kumsikiliza Mjomba kungekuwa kazi nyepesi zaidi.

Ndani nikakuta kipande cha bati kimekunjwa mara mbili, kimechomekwa chini ya chuma kinachobeba uzito. Nilifurahi, Mama, Mungu anisamehe. Nikakitia mfukoni kama ushahidi, nikafunga skrubu zile zile na vichwa nikavipaka wino mweusi. Mjomba alipokuja kuichukua akanishukuru, akaniachia na ndizi. Hata hizo ndizi nilizila kwa mashaka.

Jumamosi, siku ya kupima, nikapanda Kinole nikamuumbue mbele za watu. Gunia la kwanza lilikuwa la bibi mmoja mjane. Mizani ikasoma pungufu ya alivyozoea kwa gunia kama lile. La pili, pungufu. Watu wakaanza kunung'unika. Nikasimama, nikatoa kile kibati, nikasema, "Hiki ndicho kilichokuwa kinawaibia." Hata sikujiuliza: kama ndicho kilichokuwa kinaiba, na sasa kiko mkononi mwangu, mbona leo ndiyo inapunja?

Mjomba hakubishana. Aliigeuza mizani, akavitazama vile vichwa nilivyoviharibu, kisha akamwita dada yake. Mama yake Sesilia akafungua fundo la khanga, akatoa kibisibisi chenye tundu katikati. Alikuwa nacho yeye muda wote.

Ndipo nikaelezwa. Mizani iliwahi kuanguka, chuma cha ndani kikakaa chini kikawa kinagusa bamba, ikawa inapunja. Fundi akakiinua kwa kile kibati. Zile skrubu aliziomba Mjomba mwenyewe, na bisibisi yake akaikabidhi kwa akina mama, ili asije akashukiwa hata siku moja. "Ungemuuliza mkweo, angekupa," Mjomba akaniambia. Kibati kikarudishwa, likapandishwa jiwe la kilo kumi la mizani ya zamani, ikasoma kumi kamili. Kumbe inayodanganya ni mizani ya muuza unga, inaongeza. Huyo sikumshuku kwa sababu ananisalimia vizuri.

Sesilia alinisindikiza. Tulipofika barabarani akasema, "Kitu cha mjomba umefungua bila kuuliza. Simu yangu je?" Nikainama nikajifanya nafunga kamba za viatu, Mama, maana nimeshaipekua mara mbili. Akaelewa, akarudi kwao. Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona.

Mjomba hajakataa wala hajakubali. Alisema tu, "Mwandikie mama yako ulichofanya, chote. Akishajua, na bado akaja kukuombea mke, tutamsikiliza." Basi nimeandika. Nakuomba uje, Mama. Nampenda huyu binti, na nimechoka kuishi namna hii.

Msalimie Shangazi wa kisimani, Kaka mkubwa anayekulimia shamba, na Dada na mapacha wake. Baba Mdogo naye msalimie, ila barua usimpe.

Mwanao asiyekusahau,
Yusto

Tena: Sesilia amekuja hapa kibandani, amesema ataipeleka barua stendi mwenyewe. Nimempa aisome kwanza, ahakikishe nimeandika yote, hata ya simu yake. Amekataa. Amesema, "Hiyo ni ya mama yako." Amesimama na gundi mkononi, ananisubiri nimalize mstari huu aifunge.