Mtetemo Ulioufuta

Nyumbani, chumba cha uani
Jumatano, 12 Machi

Mpendwa mdogo wangu, Profesa,

"Kisichoonekana kwenye vipimo hakipo." Umeandika hivyo ukurasa wa tisa wa ripoti yako ya daraja. Nitakujibu, lakini kwanza, kifua kimepona? Wifi na mapacha wazima? Sisi tupo. Mama anakula kidogo, analala. Mimi naenda kazini na kurudi. Watu wananiuliza kama nimeshalia tangu tumzike baba. Bado. Sijui machozi yamekwama wapi, wala sijayatafuta.

Ningekupigia simu, ungenituliza. Barua haitulizwi. Unajua nilivyogombana na wakubwa kwa barua zangu magazetini mpaka wakanizoea. Leo hata hasira sina, ila hoja ninayo.

Lile daraja la waenda kwa miguu, linaloning'inia juu ya reli mbele ya shule, nililipima siku ya tatu baada ya mazishi. Siku zote hubandika vihisi, vile vidude vya kunasa mtetemo, kwenye robo, nusu na robo tatu ya daraja. Siku ile nilivibandika vyote katikati, nikagonga kwa nyundo hapohapo katikati, nikakutumia namba. Mikono ilifanya kazi, mimi sikuwepo.

Kuna mtetemo ambamo nusu moja ya daraja hupanda wakati nusu nyingine inashuka. Hapo kati hutulia tuli, kama mhimili wa mizani. Ningegonga mwaka mzima nisiuone. Modeli yako ya kompyuta iliuonyesha tangu mwanzo, nawe ukaufuta ili ifanane na namba zangu! Ulimwamini dada yako kuliko hesabu yako. Hiyo ni adabu, Profesa, na adabu haibebi watu.

Jana nilirudi na kihisi kimoja, nikakiweka kwenye robo. Mlinzi wa daraja akanicheka.

"Dada, leo umehama? Siku ile uling'ang'ania hapo kati kama umeota mizizi."

"Nilikuwa nimechoka, kaka."

"Uchovu gani huo? Nilikusalimu mara tatu, hukuitikia hata moja."

Sikumbuki salamu yoyote. Lakini mtetemo ulikuja, mara mbili kwa sekunde, mwendo uleule wa watu wanaotembea, na ulikawia sana kutulia. Daraja linafunguliwa tarehe moja mwezi ujao. Wanafunzi mia nne watavuka kwa gwaride, na kila hatua ya pamoja itauongezea mtetemo huo nguvu.

Mama anakusalimu, na mjomba pia. Wabusu mapacha, waambie ni shangazi yao. Mungu akuponye kifua, awape usingizi nyote.

Sasa wewe, na wahandisi wawili waliotia saini chini ya jina lako: siku mtakayoipokea barua hii, futeni saini zenu. Urudisheni mtetemo ule kwenye modeli. Mpigieni mwalimu mkuu, mwambieni asipite mtoto hata mmoja. Na andikeni, kwa jina langu kamili, kwamba aliyepima vibaya ni mimi.

Akupendaye bila kupungua,
Dada yako