Simu Imo Kwenye Droo

Mdogo wangu,

Huku hatujambo, ni goti tu linanisumbua. Hapa kwenye kiwanda cha rangi wameing'oa kengele ya hatari. Sasa kila tangazo, hata la hatari, linatumwa kwenye grupu la simu. Mimi na mvi hizi, niambiwe mambo ya kazi kwa simu na mtu aliye chumba cha pili? Simu nimeifungia kwenye droo. Tangu nianze kukuandikia inatetemeka kama ina homa.

Harufu ya stoo leo imezidi, mpaka machozi yananitoka. Dirishani nawaona wenzangu wote wako nje ya geti, wameinua simu juu, wananionyesha. Wanapiga kelele, lakini kioo kinazuia sauti. Wananitania hao. Wakinihitaji kweli, ngazi wanazijua.

Wasalimie watoto. Barua hii nitaipeleka posta mwenyewe nikitoka.

Kaka yako