Sukuma Wiki Imeshika Njiru

Baba,

Leo nimecheka peke yangu shambani Njiru hadi akina mama wakaniuliza kama niko sawa. Wacha nikueleze.

Tangu tukuzike kule nyumbani Machakos, mvua imekuja mara tatu. Mama angali mtaani Baba Dogo, na amerudi kwenye kwaya. Mimi nimeacha kupiga chapa. Wizara imeniweka kwenye kikosi cha kukagua miradi ya maji, kilekile ulichokuwa ukikiendeshea gari. Nakumbuka ulivyokuwa ukirudi jioni ukilalamika: wakubwa wameandika ripoti nzima bila kushuka. "Mwende," ungeniambia, "udongo hauongei na mtu aliyekaa ndani ya gari."

Kazi yangu ya kwanza ikawa mradi wa Njiru. Serikali ilichimba mitaro ya kuondoa chumvi mashambani, pamoja na kisima. Faili ilisema mradi umefaulu. Mkubwa wangu alitaka sahihi yangu tu. Nikaenda mwenyewe, nikashuka garini. Ardhi ilikuwa nyeupe, kama mtu amemwaga unga. Mama Nekesa, mwenye shamba la kwanza, akanichotea maji ya kisima. Nikameza. Baba, uso ulinikunjika!

Akacheka. "Haya, hiyo ndiyo mnaita maji tamu huko ofisini?"

Akanipeleka hadi mwisho wa mtaro. Ulikuwa umezibwa na kifusi cha nyumba mpya. Maji ya chumvi yalikosa njia, yakarudi shambani na kisimani.

Niliandika hivyo hivyo. Mkubwa akanifokea mbele ya wote. Nikajiona nimesharudishwa kwenye mashine ya chapa, lakini sikufuta neno. Nilimwekea mezani chupa ya maji yale. Akaonja. Naye uso ukamkunjika. Kesho yake, tulipokuwa tukiondoka kwenda Njiru, akaja akapanda gari nasi.

Mtaro ukazibuliwa, mvua ikaosha udongo. Na leo, laiti ungeona! Sukuma ina majani mapana kuliko sinia ya Mama. Tumepima maji, chumvi imepungua sana. Watoto wanayanywa wakikimbizana. Mkubwa naye amekaa chini kwenye gunia, anakula ugali na mboga hizo, jasho linamtoka, anaomba aongezwe. Hapo ndipo nilipocheka.

Ripoti ya mwisho sikuimaliza mimi. Nilimpa Mama Nekesa kalamu, akaandika polepole, herufi kubwa kubwa: SASA UMEFAULU. Mkubwa akatia sahihi chini yake.

Wiki ijayo natumwa Mathare, kukagua mradi wa kusafisha mto. Nakuahidi, Baba, kabla sijafungua faili nitakaa kwanza na wanaofua nguo pale ukingoni.

Mama ananiita mezani. Mboga za Njiru ziko sufuriani, nyumba nzima inanukia kitunguu. Pumzika, Baba yangu. Wacha nikale chakula kingali moto.

Mwanao,
Mwende